Ahadi ya Maji na Ushahidi wa Tope



Wale waliohudhuria kikao cha jumuiya yetu mwezi uliopita watakumbuka kwamba ajenda ya tatu ilikuwa ni lambo. Tumekuwa tukichanga tangu mwaka juzi, pauni kumi kumi, ili ndugu zetu wa kijiji kimoja huko nyumbani wapate lambo la kunyweshea mifugo na kumwagilia bustani. Kamati ilikwisha andika barua ya kuomba wafadhili, na kwa kuwa kazi yetu ni uhandisi wa maji, ikaletwa kwetu tuipitie. Ilikuwa barua nzuri. Kiswahili chake kimenyooka, tafsiri yake ya Kiingereza haina kosa, na picha za watoto na ndoo zimewekwa pale zinapotakiwa. Lakini katika aya ya pili kijiji kiliahidiwa "maji ya uhakika ya kudumu". Tukaomba maneno hayo yaondolewe. Ndipo kikao kikarefuka na sambusa zikapoa.

Tulipojaribu kueleza sababu tulitaja ukame wa zamani, ule unaosomwa katika tope la maziwa. Kijana mmoja, mtoto wa rafiki yetu anayesoma jiografia chuo kikuu, akainuka kwa adabu. "Samahani, wazee wangu. Sisi tumefundishwa kwamba Ziwa Nyasa lenyewe liliwahi kupungua likabaki dimbwi, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya gari la kwanza kutengenezwa. Sasa kama hali ya hewa hubadilika yenyewe namna hiyo, lambo likikauka kosa ni la nani? Si la mtu yeyote." Wengi ukumbini walitikisa vichwa kukubali. Sisi tulikaa kimya, na waliotuona huenda walidhani tumeshindwa hoja. Tulikuwa tunakumbuka jambo. Makala haya ni jibu letu kwake, limechelewa kidogo.

Tuanze kwa kukiri kwamba kijana hakukosea kuhusu ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 2005 wanasayansi walipeleka tishari liitwalo Viphya katikati ya Ziwa Nyasa, ambalo majirani zetu wa ng'ambo ya pili huliita Malawi. Tishari hilo lilikuwa limegeuzwa kuwa mtambo wa kuchimbia, likafungwa injini za kulishikilia mahali pamoja, kwa sababu mahali palipochaguliwa maji yana kina cha mita 592 na si pahali pa kutia nanga. Mabomba yaliteremshwa hadi sakafu ya ziwa, kisha yakaendelea kuingia ndani ya tope mita 380. Tope lilipandishwa vipande vipande ndani ya mabomba, likiwa limelala vile vile lilivyotua, la juzi juu na la kale chini. Ni kumbukumbu ya zaidi ya miaka milioni moja.

Msomaji atauliza, tope husomwaje? Jambo lenyewe si la uchawi. Ziwa likiwa limejaa na ni refu, maji ya chini kabisa hayana hewa, hivyo hakuna minyoo wala konokono wa kulikoroga tope. Kila kinachotua hubaki kama kilivyotua, tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri. Ziwa likipungua, mawimbi hufika chini, viumbe huingia, matabaka huvurugika. Maji yanayobaki huwa na magadi na chumvi, na chokaa huanza kuganda ndani ya tope. Huonekana magamba ya vidudu vya majini vipendavyo maji mafupi. Na chavua ya mimea, ile vumbi ya maua inayopeperushwa na upepo kutoka nchi kavu, hupungua sana, kwa sababu huko nchi kavu kwenyewe hakujabaki mimea ya kutosha. Umri wa tope hujulikana kwa kaboni 14 kwa miaka kama 50,000 ya juu tu. Chini ya hapo hutumika njia nyingine, kama usumaku uliogandia katika tope na majivu ya volkeno. Katika tope la Nyasa yamepatikana majivu ya Toba, volkeno ya Sumatra iliyolipuka miaka kama 75,000 iliyopita. Vumbi la Indonesia limevuka Bahari ya Hindi nzima, likatua katika ziwa letu na kuweka alama ya tarehe. Sisi kila tukilifikiria jambo hilo huwa tunaacha kidogo kazi iliyo mezani.

Kwa ushahidi wa namna hiyo, mwaka 2007 zilichapishwa habari ambazo kijana wetu amefundishwa. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita eneo la Nyasa lilipatwa na vipindi kadhaa vya ukame ambao hata ukame wa enzi ya mwisho ya barafu haukuufikia. Katika kile kikali kuliko vyote uso wa ziwa ulishuka kwa kiasi cha mita 600, na asilimia 95 ya maji yake, pengine zaidi, ikatoweka. Ukingoni palibaki nusu jangwa. Ndani ya muda huo ndimo ilimo ile enzi ya joto iliyotangulia hii yetu, kati ya enzi mbili za barafu. Yaani dunia iliwahi kuwa na joto kama la karne zetu, na nchi yetu haikutulia hata kidogo.

Sababu yake inajulikana vizuri. Dunia huyumba kama pia inayokaribia kuanguka, na kwa kuyumba huko mwezi ambao tunalikaribia jua zaidi huhama polepole, ukirudi pale pale baada ya miaka kama 21,000. Mvua zetu za kitropiki hufuata jua. Lakini nguvu ya mabadiliko hayo hutegemea njia ya dunia kulizunguka jua ina umbo gani. Katika miaka ile duaradufu yake ilikuwa imevutika zaidi ya mara mbili ya ilivyo leo, kwa hiyo jua lilizidi na kupungua kwa kishindo. Baada ya hapo umbo likakaribia duara, na kuanzia miaka 70,000 hivi iliyopita ziwa likatulia likiwa limejaa zaidi. Kwa hiyo anayetumia tope la Nyasa kuwatisha watu kwamba ziwa litakauka kesho hakulisoma hadi mwisho. Na anayelitumia kuwatuliza watu, kwamba haya yote ni kawaida ya dunia, naye hakulisoma.

Lakini kwa mtu wa malambo, Nyasa ni kubwa mno na miaka yake ni mingi mno. Kuna ziwa dogo linalotuhusu zaidi, nalo ni Chala, mashariki ya Kilimanjaro, lililokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Ni ziwa la kreta, kilometa za mraba nne na ushei, na kina chake kinapita mita 90. Hulioni mpaka umefika ukingoni kabisa. Huko chini tope limejipanga mwaka kwa mwaka. Miezi ya kiangazi chenye upepo, Juni hadi Septemba, maji hupoa na kuchanganyika, chakula kilicho chini hupanda, na vimea vidogo sana viitwavyo daiatomu huzaana kwa wingi. Vinapokufa maganda yake hutua na kufanya utando mweupe. Miezi ya joto na mvua hutua utando wa rangi nyeusi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Mwaka wa upepo na ukame jozi huwa nene, na mwaka wa mvua nyingi, kama ile ya El Niño, huwa nyembamba.

Mwaka 2011 wachunguzi wa tope hilo walieleza kwamba tofauti kati ya mwaka na mwaka ilikuwa ndogo zaidi wakati wa enzi ya barafu kuliko ilivyokuwa katika miaka 3,000 ya karibuni. Kwa maneno mengine, dunia ilipokuwa baridi mvua za pande zetu zilikuwa chache, lakini hazikuwa na kigeugeu kama cha enzi ya joto. Mwaka 2016 walirudi Chala na mtambo mkubwa zaidi, wakatoa tope la mita 215 hivi, ambalo ni miaka kama 250,000, enzi ya joto iliyopita ikiwa ndani yake nzima. Kazi ya kulisoma ni ya miaka mingi.

Tunawaomba wasomaji wasimame hapo kidogo, kwenye hicho kigeugeu. Watu wakizungumzia hali ya hewa huuliza kama mvua zitaongezeka au zitapungua. Mhandisi wa lambo anauliza jingine: zitapishana kwa kiasi gani? Ng'ombe hanywi wastani. Miaka miwili ya gharika na miwili ya ukame hutoa wastani mzuri sana, na mizoga.

Sasa tufike kwenye lile tulilolikumbuka ukumbini.

Mwaka 1999, tukiwa vijana tuliorejea nyumbani kutoka masomoni hapa Uingereza, ofisi moja ilitutuma tukasanifu lambo katika kijiji cha nyanda kavu chini ya milima ya Upare. Tulikuwa watatu, wahandisi wawili na fundi mpima mmoja. Huko mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, na jua hunyonya kama mita mbili za maji kutoka katika bwawa lililo wazi. Ukichimba lambo la mita nne, nusu ni ya jua kabla ng'ombe hajainamisha kichwa. Kwa hiyo hesabu ilitakiwa iwe makini, na sisi tulijiona makini. Misheni ya jirani ilikuwa na kipima mvua, na padre alitufungulia kabati la madaftari. Yale ya kabla ya mwaka 1961 yalikuwa yameliwa na mchwa. Kuanzia Januari 1961 hadi Desemba 1998 hakukosekana hata mwezi mmoja. Miaka 38! Tulishangilia. Wenzetu wengi walikuwa wakisanifu kwa miaka kumi, wengine kwa kukisia.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa pili angetuuliza swali ambalo hatukujiuliza. Mwishoni mwa mwaka 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua za ajabu, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Na mwaka 1997 kuingia 1998 ndiyo ile El Niño iliyokata barabara kila mahali. Daftari letu lilianza kwa gharika likaishia kwa gharika. Sisi tukatoa wastani, tukapiga hesabu, tukaandika kwamba lambo litakauka mara moja katika miaka ishirini. Tukaweka sahihi.

Kabla ya kuondoka tulifanya mkutano chini ya mkwaju. Baada ya wazee wanaume kusema yao, bibi mmoja aliomba nafasi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Wajukuu zangu, bibi yangu alinisimulia aliyosikia kwa wakubwa wake. Ulikuja ukame usiohesabika miaka. Pale penye chemchemi watu walipasahau, mpaka ng'ombe wa mgeni akapafukua kwa kwato. Waliopona ni waliokuwa na ndugu huko juu milimani. Hilo lambo lenu mmelifikiria hayo?" Tulimjibu kwa heshima kwamba vipimo vyote vimefanyika. Katika taarifa yetu maneno yake yalipata sentensi moja, nayo tunaikumbuka neno kwa neno: "Wenyeji wana masimulizi ya ukame wa kale ambayo hayakuweza kuthibitishwa." Hayakuweza kuthibitishwa! Kana kwamba tulijaribu.

Lambo lilijengwa mwaka 2000, likajaa, na kwa miaka minne lilikuwa fahari ya tarafa. Zamani, kiangazi kikikolea, wafugaji wa pale walikuwa wakiteremsha mifugo hadi kwenye majani ya mabondeni kando ya mto. Sasa waliacha. Wakajenga nyumba za tofali, watoto wakabaki shuleni mwaka mzima, akina mama wakalima nyanya na vitunguu. Njia ya mifugo iliyoelekea mtoni, ilipokuwa haipitwi tena, wakulima wengine waliigawana mashamba. Kisha mvua za vuli za mwaka 2005 zikakosekana. Tulirudi pale Februari 2006 na ofisa mmoja kutoka mjini. Chini ya lambo udongo ulikuwa umepasuka vipande vipana kama sahani, na harufu ya mizoga ilitufikia kabla hatujashuka garini. Ofisa aliwaambia watu kwamba ukame ni kazi ya Mungu, wawe na subira. Yule bibi alikuwa bado hai, amekaa juu ya kigoda. Akasema, wala si kwa hasira, "Ukame tunaujua, mwanangu. Ulikuwapo kabla yenu. Sisi tuliwauliza habari za lambo."

Hatukuwa na jibu, na tangu siku hiyo tumelitafuta. Ndiyo maana swali la kijana lilitunyamazisha, kwa kuwa alikuwa akisema maneno ya yule ofisa kwa lugha ya chuo kikuu.

Mwaka 1877 mwanahisabati wa hapa Uingereza, W. K. Clifford, alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini. Anaeleza habari za mwenye meli chakavu inayotaka kubeba wahamiaji. Mwenyewe ana wasiwasi nayo, lakini anajituliza: imesafiri mara nyingi, Mungu atailinda, si vizuri kuushuku uaminifu wa mafundi walioiunda. Mpaka anaamini kwa moyo safi kabisa kwamba meli ni salama. Meli inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile hata kama aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Tena anaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama hatia yake ingekuwa ile ile, ila isingegunduliwa.

Tulipoisoma insha hiyo kwa mara ya kwanza tulipata faraja. Sisi hatukuwa na wasiwasi wowote wa kujituliza. Tulitumia ushahidi wote uliokuwapo. Tope la Chala lilikuwa bado halijahesabiwa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua yale ambayo hakuna binadamu aliyeyajua. Hii ni hoja nzuri, na mbele ya mahakama ingetosha.

Faraja hiyo ilidumu hadi tulipokutana na kazi nyingine juu ya ziwa jingine. Januari 2000, lambo letu likiwa bado linachimbwa, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa tope la Naivasha, kule Kenya. Ni historia ya mvua na ukame kwa miaka 1,100. Kuanzia mwaka 1000 hivi hadi 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye zikaja karne za mvua, zikikatizwa na ukame mrefu mara tatu: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1625, 1760 hadi 1840. Si ukame wa msimu mmoja. Huo wa mwisho ni miaka themanini. Na kilichotupata moyoni ni hiki: wachunguzi waliyalinganisha matope yao na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki kuhusu njaa, vita na kuhama kwa watu, nayo yakalingana.

Naivasha si Upare, na hatusemi kwamba ukame wa bibi ndio ule ulioisha mwaka 1840. Huenda ulikuwa mwingine, mdogo zaidi, wa baadaye. Lakini faraja yetu ilikufa hapo. Tulikuwa tumesema kwamba tulitumia ushahidi wote uliokuwapo. Si kweli. Ushahidi ulisimama mbele yetu chini ya mkwaju, umevaa kanga, ukatuita wajukuu. Tuliukataa kwa sababu haukuwa na milimita. Tungeweza kuuliza chemchemi hiyo iko wapi. Tungeweza kuchimba mita mbili kandokando yake tuone kuna nini. Hata kama tusingepata kitu, tungeweza kuandika katika taarifa kwamba hesabu hii inasimama juu ya miaka 38 tu, yenye mvua nyingi mwanzo na mwisho, na kwamba wenyeji wanakumbuka hali mbaya zaidi. Mstari huo ungegharimu wino tu. Pengine mtu mmoja angeusoma akasema njia ya mifugo isilimwe.

Kwa hiyo, mwanetu, tunakujibu hivi. Kukauka kwa Ziwa Nyasa hakukuwa kosa la mtu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwahidi mwenzake chochote juu ya ziwa lile. Binadamu wa wakati ule, kama walikuwapo ukingoni, walifuata maji yalikokwenda. Hatia huanza pale mtu anapomwambia mwingine: kaa hapa, usihame tena, maji yatakuwapo. Tangu hapo kigeugeu cha mvua kinabaki kuwa cha maumbile, lakini tofauti kati ya kigeugeu hicho na maneno yako ni mali yako. Na tope likizidi kusomwa ndivyo deni linavyozidi, kwa sababu sasa anayeahidi hawezi kusema hakujua kwamba enzi za joto huwa hivi.

Tena hii ya kwetu haifanani na zile. Katika enzi ya joto iliyopita hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika milioni, na leo imepita 420. Pia inayumba taratibu zake, na mkono wa binadamu umeongezeka juu yake. Katika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Hapo lipo swali jingine, kama sisi tunaopasha nyumba zetu moto kwa gesi kila Novemba tunaposema tunatoa sadaka kwa ajili ya lambo, je, ni sadaka kweli au ni malipo. Tuliache, halitatosha katika kurasa hizi na mhariri ameshatupigia simu mara mbili.

Turudi kwenye barua. Badala ya "maji ya uhakika ya kudumu" tulipendekeza iandikwe kwamba lambo litajaa miaka mingi, na miaka mingine litakauka, pengine miwili mfululizo. Kwa hiyo sehemu ya michango itatumika kupima na kusajili njia ya mifugo iendayo mtoni, na kufukua chemchemi ya zamani iwe akiba. Mtunza hazina wetu, ambaye ndiye anayejua jinsi pauni zinavyopatikana, alitikisa kichwa. "Nani atatoa pesa yake kwa lambo mnalosema litakauka? Vijiji viko vingi, wenzetu wote wanaahidi maji ya kudumu. Mkisema kweli peke yenu, watu wenu ndio watakaokosa."

Hoja hiyo si ndogo, na hatukuipata njia ya kuipangua pale pale. Ni kweli kwamba anayesema ukweli mbele ya mfadhili hushindana na wasiousema, na kiu ya kijiji haingoji dunia nzima ijirekebishe. Tuliona jambo moja tu, kwamba watu sita tulio Reading tulikuwa tukibishana juu ya maneno watakayoahidiwa watu ambao hawapo mezani. Mwenyekiti akakubali wapigiwe simu. Katibu aliiweka simu katikati ya meza, ikaita muda mrefu, akapokea mzee wa kijiji. Baada ya salamu ndefu, za wazima na za wagonjwa, katibu akamsomea sentensi zote mbili, ya kwanza kisha ya pili, bila kumwambia ni ya nani.

Kimya kidogo. Tulisikia jogoo upande wa pili.

"Hiyo ya pili," mzee akasema, "hizo fedha za njia ya ng'ombe ni kiasi gani?"

Hatukuwa tumepiga hesabu. Tumeahidi kumpelekea kabla ya kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na yeyote kati ya wasomaji mwenye uzoefu wa upimaji wa ardhi kule nyumbani tunamwomba afike.